Gemu gani ilikufanya ufungue kasha la kompyuta yako? (Wa Unguja na Pemba tukutane hapa)

Kijana wa Fuoni

Asalaam aleykum wana jukwaa. Nimekuwa msomaji wa kimya muda mrefu, leo nimeona nami nianzishe uzi.

Nauliza gemu ipi ilikutoa pesa mfukoni. Unayoipenda sana ni hadithi nyengine. Nataka ile uliyoiwasha, ikakwama, ukaizima kwa hasira, ukalala, na asubuhi kabla ya chai uko kwenye simu unatafuta bei ya kadi ya grafiki, ile inayochora picha.

Yangu ni Red Dead Redemption 2. Shemeji alikuja Sikukuu kutoka Dar na diski ya nje, gemu imo humo, karibu GB 150. Mashine yangu ni Dell OptiPlex 7040, ile nyembamba ya kulaza, prosesa (ubongo wa mashine) i5-6500, RAM (kumbukumbu ya kazi) GB 8 kijiti kimoja, hadi diski ya kizamani inayozunguka. Kadi ya grafiki sina, natumia ile iliyomo ndani ya prosesa. Niliinunua Mlandege, mtumba wa maofisini huko Ulaya, stika ya namba ya ofisi bado iko ubavuni. Kwa PES 2017 na San Andreas haijawahi kunitia aibu mbele ya wageni.

Basi nikaiwasha Red Dead. Mwanzo wake ni theluji, usiku, watu na mafarasi wanapanda mlima. Nikaona picha. Nikahesabu moja, mbili, tatu. Nikaona picha nyengine. Mdogo wangu yuko nyuma yangu na mkate wa kumimina mkononi, akaniuliza, "Kaka, hii gemu au albamu ya harusi?"

Usiku ule sikulala vizuri. Nina akiba kidogo, na kuna jamaa Darajani ana kadi ya RX 580 ya GB 8, mtumba, anataka laki mbili na nusu. Jumamosi nakwenda kuichukua. Lakini kabla ya hapo nataka nisikie na visa vyenu.

Mtu wa Michenzani

Waaleykum salaam. GTA IV. Kisa chenyewe ni kirefu, kaa vizuri.

Kwenye konsoli (PlayStation na Xbox) ilitoka Aprili 2008, kwa kompyuta ikaja Disemba mwaka ule ule. Mie nimeipata 2009 kwenye DVD za kuchoma. Mashine yangu ilikuwa na prosesa ya koa mbili, yaani vichwa viwili vya kufanya kazi, na kadi ambayo hata jina lake sikumbuki. Niko Liberty City, mji wa kwenye gemu, lakini ukungu mtupu, magari yanatokea mbele ya uso kama majini, na barabara zenyewe zinachelewa kuja. Nikajua tatizo ni umasikini wangu. Nikamtuma mjomba aliyekuwa akienda Dubai aniletee kadi ya 9600 GT.

Kadi imefika wiki ya kwanza ya Disemba 2009. Wa Unguja mliokuwepo mshajua naelekea wapi.

Siku chache baadae umeme wa kisiwa kizima ukaondoka. Waya wa chini ya bahari kutoka bara umeharibika, na haukurudi mpaka Machi 2010. Miezi mitatu! Maji tunapandisha ngazi kwa madumu, ghorofa nzima inanuka mafuta ya jenereta. Jenereta la jirani linawasha taa mbili na friji ya samaki, nani atakuruhusu uunganishe kompyuta ucheze GTA? Kila jioni nilikuwa nafungua kabati, naitoa kadi, naitazama kwa tochi, nairudisha. Siku moja nimerudi kutoka skuli nikakuta mama amelipanga boksi lake kama stuli, juu yake ameweka birika.

Umeme umerudi usiku. Saa nane za usiku nimeshafunga skrubu. Nikawasha... na bado inakwama! Afadhali kuliko mwanzo, lakini inakwama. Baada ya miaka ndo nikaelewa: gemu ile ilihamishwa vibaya kutoka kwenye konsoli na mzigo wake mkubwa unaangukia prosesa. Rockstar, wenye gemu yao, walipendekeza prosesa ya koa nne. Mie nilinunua kadi, gemu ilikuwa inalilia prosesa.

Kijana wa Fuoni

Birika 😂😂 Pole sana kaka.

Mzee wa Disketi

Vijana hamjambo. Mnahadithia habari za juzi.

Mie nilikuwa Muscat, karani, mwaka 1996. Ofisini tuna kompyuta ya prosesa ya 486 na gemu ya Doom imo kwenye disketi, tunaicheza mabosi wakishatoka. Doom ilitoka Disemba 1993 na wenyewe walisema 386 yenye RAM MB 4 inatosha. Inatosha kweli, kwa sharti moja: unabonyeza alama ya kutoa, dirisha la mchezo linapungua, unabonyeza tena, linapungua, mpaka linakuwa kama stempu ya posta katikati ya skrini. Hapo inakimbia. Tulikuwa tunaua mashetani ndani ya stempu na tumeridhika.

Halafu Juni 1996 ikaja Quake. Mie ndo nimetoka kununua mashine yangu ya kwanza, na muuzaji alinishawishi nichukue prosesa ya Cyrix badala ya Pentium. "Sawa sawa na Pentium 166, na bei ya chini," kaniambia. Na kwenye boksi imeandikwa P166+, sasa utabisha nini? Kumbe namba ile ni ya kujilinganisha tu, yenyewe inakwenda megahezi 133. Kwa barua na hesabu za ofisi haikuwa na tabu hata kidogo, ilikuwa inakimbia. Nikaweka Quake. Kijana wa Fuoni, albamu yako ya harusi mie nilikuwa nayo kabla hujazaliwa.

Sababu nimekuja kuambiwa na Mhindi mmoja fundi pale Ruwi. Doom ilikuwa inapiga hesabu kwa namba kamili, na prosesa yoyote ya wakati ule inaziweza. Quake dunia yake ni ya pande tatu hasa, inataka hesabu za desimali, nyingi, kila fremu, yaani kila picha. Pentium ina kitengo cha desimali chenye nguvu, na walioandika Quake walifanya ujanja: wakati kitengo kile kinagawanya, ambayo ni kazi ya polepole, sehemu nyengine ya prosesa inachora vitone 16 vya mstari, wakimaliza wanakuta jibu la kugawanya liko tayari. Yaani hakuna anayekaa bure. Cyrix kitengo chake cha desimali kilikuwa goigoi na ujanja ule hakiuwezi. Nikauza Cyrix kwa hasara, nikanunua Pentium, kwa gemu moja tu! Mke wangu mpaka leo akikasirika ananitajia Quake.

Na mwaka uliofuata nikaiona Voodoo ya 3dfx. Kadi ya ajabu, haikutoa ile uliyonayo. Unaichomeka pembeni, halafu nyuma unaunganisha waya mfupi kutoka kadi yako ya kawaida kuingia kwenye Voodoo, na Voodoo ndo inakwenda kwenye skrini. Ukifungua barua, picha inapita tu. Ukifungua Quake, Voodoo inashika usukani. Nilisimama dukani nikatazama maji ya kwenye gemu mpaka muuzaji akaniuliza kama nanunua au natafuta kivuli.

Kaskazi

Mzee wetu heshima yako. Mie nina swali moja kwa mwenye uzi: laki mbili na nusu ya kadi, bado mashine ile ile ya ofisi. Kwa nini usiongeze kidogo ukachukua PS4 mtumba? Red Dead inacheza, pedi unayo, huna haja ya kufungua kitu.

Fundi Bisibisi

Kijana wa Fuoni, mdogo wangu, Jumamosi USIENDE. Au nenda, lakini usitoe pesa.

Natengeneza mashine hizi kila siku, nisikilize. 7040 ya kulaza ina pawa saplai (kisanduku kinachogawa umeme) ya wati 180. Kwa mashine nzima. RX 580 peke yake inaweza kuvuta wati 185. Umeshaona? Bado sijafika kwenye waya: kadi ile inataka plagi ya pini 8 kutoka kwenye pawa saplai, na yako haina plagi hiyo. Wala usiseme utabadilisha pawa saplai, kwa sababu Dell wametumia umbo lao na plagi zao, ile ya kawaida ya dukani haiingii. Na ukishayamaliza yote hayo, kadi yenyewe haitoshi ndani. Kasha lako linataka kadi fupi kwa kimo, nusu ya ile. Nimeshaona kijana kaleta mashine kakata bati kwa msumeno. Kwa msumeno!

Halafu uulize hiyo RX 580 imetoka wapi. Nyingi zilikaa miaka kwenye mashamba ya kuchimba sarafu za mtandaoni, usiku na mchana zimewaka. Si zote mbovu, lakini feni zake huwa zimechoka, na mafuta ya kupoza yamekauka kama unga wa sembe. Kwa joto letu la Januari, chumba cha Fuoni chenye bati juu, utaisikia inalia kama boti inayotia nanga.

Kadi zako wewe ni zile zisizohitaji plagi, zinazokula umeme wa kwenye tundu la mazabodi (bodi kuu ya ndani) peke yake, mwisho wati 75. GTX 1650 ya kimo kifupi ndo ningekuchagulia. Nene kidogo, itaziba na tundu la pili, huna unachokiweka hapo. RX 6400 nayo inaingia na inakula kidogo zaidi, ila ina kasoro yake: imetengenezwa itumie njia nne tu za PCIe (tundu linalopitisha data ya kadi), na kwenye mashine za kizazi cha nne cha PCIe haina neno. Yako ni kizazi cha tatu, kwa hivyo njia nne zile zinabeba nusu ya mzigo, na kadi ya GB 4 ikijaa utauona mkwamo.

Na kabla ya kadi, hiyo hadi diski. Red Dead kwenye hadi diski utapanda farasi na ardhi inakuja nyuma yako. Cyberpunk 2077 ilipotoka Disemba 2020 ilikubali hadi diski, lakini toka toleo la 2.0 la Septemba 2023 wameiandika SSD (diski ya kasi isiyozunguka) kwenye masharti ya chini kabisa. Starfield ya mwaka huo huo, SSD toka siku ya kwanza. Zamani gemu zilikusukuma ununue prosesa, kisha kadi, sasa zinakusukuma ununue diski. Na hiyo ndiyo ya bei nafuu kuliko zote, mshukuru Mungu. Mazabodi yako ina tundu la M.2, SSD inalala pale kama kipande cha biskuti.

Kaskazi, PS4 ni jibu zuri kwa mtu anayetaka Red Dead tu. Huyu kijana kompyuta yake nahisi inafanya na kazi nyengine.

Kijana wa Fuoni

Inafanya. Nachapa kazi za watu, barua za maombi, mialiko ya harusi. Ndiyo inayonilipia bando.

Kwa kweli nimestuka. Nilikuwa nitoe pesa zote kwa kitu hakiingii hata mlangoni.

Bint Wete

Wa Pemba nasi tumo jamani, msijione wa mjini peke yenu.

Yangu mie ni Cities: Skylines. Wanaojua watacheka, kwa sababu si gemu ya kutisha, hakuna bunduki wala theluji. Unajenga mji tu. Imetoka 2015, imetengenezwa Tampere huko Finland na watu wachache mno, hawazidi timu mbili za mpira. Nkaona hii ndo yangu. N'na HP ndogo, ile ya kiganja inayofungwa nyuma ya skrini, RAM GB 8. Nkaanza kujenga Chake Chake. Mteremko wa kuingilia mjini, njia ya Machomane, mpaka mikarafuu nliitafuta kwenye vitu vinavyotengenezwa na wachezaji, nkakosa, nkapanda miti ya kufanana.

Hapo ndo pa kuumizia. Gemu yenyewe haili RAM nyingi, lakini vile vitu vya wachezaji, kila mti, kila nyumba, kila dala, vyote vinapakiwa kwenye RAM mji ukifunguka. Mimi mji wangu ulikuwa unachukua muda wa kwenda kuchota maji na kurudi. Wakaazi walipofika elfu thelathini na ushei, mashine ikasimama kabisa. Msikiti nimeujenga, soko nimelijenga, na sina uwezo wa kuingia kwenye mji wangu mwenyewe.

Kaka yangu akapelekwa Chake kununua RAM. Akarudi na kijiti kirefu kama rula. Mashine yangu inakula vile vifupi vya laptopu! Muuzaji kamwambia "RAM ni RAM". Akarudi tena kesho yake kwa dala, nauli mara mbili, na mwenye duka akakata na pesa ya usumbufu, usumbufu wa nani mie sijui mpaka leo. Basi nimeongeza GB 8, zikawa 16, vijiti viwili.

Sasa hapa kuna jambo, Kijana wa Fuoni, likufae. Nlidhani nimeongeza nafasi tu. Kumbe na picha zimekuwa laini zaidi, hata kwenye gemu nyengine. Fundi atanisahihisha, lakini nlivyoelewa ni kuwa grafiki ya ndani ya prosesa haina kumbukumbu yake, inakopa kwenye RAM ya mashine. Kijiti kimoja ni njia moja. Viwili ni njia mbili, data inapita kwa mara mbili.

Fundi Bisibisi

Hujakosea hata kidogo dada yangu. Watu wananunua kadi kumbe wangeongeza kijiti cha pili. Lakini kwa Red Dead hakitoshi peke yake, masharti yao ya chini ni kadi ya GTX 770, na GTX 1060 kwa wanaotaka raha, na grafiki ya i5-6500 iko mbali na zote mbili.

Rubani wa Kitandani

Microsoft Flight Simulator, 2020. Nilitaka kitu kimoja tu, niruke kutoka uwanja wetu, nitazame kisiwa kutoka juu, nitue Pemba. Maisha yangu yote nimekwenda Pemba kwa meli na nimetapika kila safari.

Nikabadilisha kadi, RAM nikafika 16, SSD. Nimejipamba. Kumbe sijanunua kitu muhimu, intaneti. Ramani ya dunia ya gemu ile ni zaidi ya petabaiti 2, yaani terabaiti 2,000, haikai kwenye mashine ya mtu, inashushwa kidogo kidogo unavyoruka. Wao wanapendekeza megabiti 20 kwa sekunde. Mie natumia bando la simu. Siku ya kwanza nimepaa njia ya kurukia ya 36, nikageuka kulia, Mji Mkongwe unatakiwa uwe kushoto kwangu... nikaona kama uji umemwagika. Nikasubiri. Uji ukaanza kupata mapaa. Na hapo hapo ujumbe wa simu: umetumia asilimia 90 ya bando lako.

Nimetua Pemba lakini. Bila kutapika.

Mzee wa Disketi

Nimecheka mpaka wajukuu wamekuja kunitazama.

Kaskazi

Haya, mie nakiri. Nimemshauri PS4 lakini mwenyewe naweka akiba ya kompyuta kubwa, na sababu ni GTA VI. Nataka nikianza nisikwame. Nani mwenye orodha ya vitu?

Mtu wa Michenzani

Wewe unataka yakupate ya birika. Rockstar walipoitangaza GTA VI walitaja PS5 na Xbox Series tu. Angalia historia yao: GTA IV kompyuta ilisubiri miezi saba. GTA V, konsoli Septemba 2013, kompyuta Aprili 2015. Red Dead 2, konsoli Oktoba 2018, kompyuta Novemba 2019. Na GTA V ya dukani kwa kompyuta ilikuwa DVD saba! Ukinunua kadi sasa kwa gemu ambayo masharti yake hayajaandikwa, itakaa kabatini kama yangu, na yako haitakuwa na udhuru wa umeme.

Fundi Bisibisi

Naongezea hapo kwa kisa cha Crysis, maana ndiyo mama wa gemu zote za kufungulisha watu makasha. Novemba 2007. Crytek, Wajerumani wa Frankfurt, walitengeneza gemu ya kisiwa, misitu, maji, majani yanayopinda ukipita. Kulikuwa na watu wana 8800 GTX, kadi iliyotoka kwa dola 599, na wakiweka setingi za juu kabisa bado inawashinda. Mpaka leo ukijenga mashine ya maana mtu atakuuliza kwa utani, Crysis inaiweza?

Jambo lenyewe ni kwamba walikisia kesho ikoje. Wakati wanaiandika, prosesa zilikuwa zinaongezeka kasi ya koa moja kila mwaka, wakadhani itaendelea hivyo hivyo. Haikuendelea. Viwanda vikageukia kuongeza idadi ya koa: mbili, nne, nane. Crysis ikabaki imeegemea koa moja. Mashine za miaka mingi baadae, zenye nguvu mara kumi, kuna sehemu za gemu ile bado zinakwama. Waliotengeneza wenyewe walikosea kuikisia, sasa wewe Kaskazi utaipatia vipi kwa orodha ya leo?

Na upande wa pili pia upo. Alan Wake 2 ya Oktoba 2023 ilitaka namna mpya ya kuchora inayoitwa mesh sheda, kadi nyingi za zamani, hata zile zilizokuwa za kifalme za GTX 1080, zikaonekana za kizee ghafla. Indiana Jones ya Disemba 2024 haiwaki kabisa kama kadi haina kitengo cha kufuatilia miale ya mwanga, na Doom mpya ya Mei 2025 vile vile. Mzee wa Disketi, Doom ile ile ya stempu!

Mzee wa Disketi

Laa haula. Haya, nimeshastaafu.

Kaskazi

Sawa nimesikia. Akiba naiweka, lakini sinunui.

Fundi Bisibisi

Kitu cha mwisho kwa wote mnaokaa karibu na pwani, na sisi sote tuko karibu na pwani. Chumvi. Hewa yetu inakula vidole vya shaba vya RAM na kadi taratibu. Mara nyingi mtu ananiletea "kadi imekufa, skrini nyeusi", naichomoa, nasugua vile vidole kwa kifutio cha penseli cha mtoto wa skuli, nairudisha, imefufuka. Jaribuni kabla hamjanunua. Usisugue kwa msasa, kuna mtu alishafanya.

Na UPS, betri ya kuishika mashine umeme ukikatika. Au angalau stabilaiza. Umeme ukikatika hauui, unaua ukirudi.

Kijana wa Fuoni

Wakuu nimerudi, wiki tatu baadae.

Jumamosi ile nilikwenda Darajani vile vile, lakini na mashine yangu kwapani, nimeifunga kwenye kanga ya mama. Kwenye dala watu wananitazama kama nimebeba kuku. Nikamwomba jamaa aniwekee RX 580 juu ya kasha nilinganishe. Ndefu kuliko tundu lake, pana kuliko kasha, na ile plagi ya pini 8 inanitazama. Jamaa mwenyewe akasema, "Hii yako haiingii," halafu kidogo akaongeza, "lakini nina jamaa ana msumeno." Naapa kasema hivyo.

Nikaondoka. SSD ya GB 500 nimeipata hapa hapa mjini, Tsh 95,000. Kijiti cha pili cha RAM nimemletea muuzaji cha kwangu akifananishe, nimefuata somo la Bint Wete. GTX 1650 fupi imekuja na boti kutoka Dar, mtumba, Tsh 290,000, imesuguliwa kifutio kabla ya kuingia. Kwa hiyo nimezidi bajeti yangu ya mwanzo, karibu mara mbili, na mialiko ya harusi mitano nimeichapa kwa usiku mmoja kufidia.

Matokeo: Red Dead, 1080p, setingi nyingi za kati na baadhi za chini, maji nimeyaweka chini kabisa. Porini napata fremu 45 mpaka 50 kwa sekunde. Nikiingia Saint Denis, ule mji mkubwa, zinashuka mpaka 30 na kitu na prosesa inafika asilimia 100, koa zote nne. Fundi najua utasema nini. Sijauliza bado.

Usiku wa kwanza nimepita theluji yote mpaka nikatoka kwenye nyasi, mabonde, jua linachomoza. Mdogo wangu amekaa nyuma yangu kimya muda mrefu. Mwisho kasema, "Eh, kumbe harusi ilikuwa na video."

Tukuza, mita yetu ya umeme wa kulipia kabla, inakimbia lakini. Mama ameshaniuliza mara mbili nimechomeka pasi.

Bint Wete

Hongera kaka! Hebu tupe na picha.

Fundi Bisibisi

Vizuri mdogo wangu. UPS umenunua?

Kijana wa Fuoni

Mwisho wa mwezi, inshaallah.

Mtu wa Michenzani

Boksi la kadi usilitupe. Mama atalihitaji.